Nani Mwenyeji wa Ubundu? Historia ya Makazi na Utawala Ukingoni mwa Lualaba



Tangu mwezi wa Februari 2023 neno moja la Kiswahili limekuwa zito kulibeba katika upande wa kushoto wa mto wetu. Neno hilo ni "mwenyeji". Ugomvi wa ardhi ulioanzia komini ya Lubunga, mjini Kisangani, kati ya Wambole na Walengola, haukubaki mjini. Uliingia vijijini, ukafika teritwari ya Ubundu. Chanzo chake cha karibu kilikuwa eneo kubwa la ardhi lililotolewa kwa kampuni ya kilimo. Mamia ya watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na makumi ya maelfu wakakimbia makwao. Kila upande ulikuwa na neno lilelile mdomoni: sisi ndio wenye nchi, wale ni wakuja.

Katika tafakari hii hatukai kwenye kiti cha hakimu. Tunataka kufanya kazi ndogo zaidi, ambayo hata hivyo tunaona ni ya lazima: kuuliza watu walikaaje Ubundu, ni nani aliyewatawala, na mipaka wanayoigombania leo ilichorwa na mkono gani. Kidonda hiki hakikuanza mwaka 2023.

Mahali ambapo mto hukatika

Lualaba hushuka kutoka kusini kwa mwendo mrefu, na kutoka Kindu hadi Ubundu unapitika kwa meli na kwa mitumbwi. Ubundu ndipo safari inapokatika. Chini yake maporomoko saba ya Boyoma yanafuatana kwa zaidi ya kilomita 100, na maji huteremka kiasi cha mita 60 kabla ya kutulia Kisangani, ambako mto unachukua jina la Kongo. Hakuna chombo kinachopita hapo na mzigo wake. Mtu anayetoka juu lazima ashuke, na mzigo lazima ubebwe kwa kichwa, kwa baiskeli au kwa gari la moshi.

Hiyo ndiyo siri ya Ubundu. Haikuzaliwa kwa sababu ya mfalme wala ya hekalu. Ilizaliwa kwa sababu mzigo lazima ushushwe. Penye kushusha mzigo pana mpagazi, mvuvi, mpishi, mlinzi, mfanyabiashara na mtoza ushuru, na wote hao hawatoki katika ukoo mmoja.

Waenya walikuwa watu wa maji: walijua kila jiwe la mto, na mitumbwi yao ndiyo iliyounganisha kingo mbili. Walengola na Wamituku walikaa katika misitu ya pande hizo, Wakumu walienea upande wa mashariki, na Wambole walikuwa magharibi, kuelekea Lomami. Hakukuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Mamlaka yalikuwa kwa wazee wa koo, na katika vyama vya mafundisho kama Bukota ya Walengola na Lilwa ya Wambole, ambavyo viliwafunda watu na kulinda adabu ya jamii. Mpaka ulikuwa kijito, mahame ya babu, au mashamba yaliyopumzishwa. Mgeni aliyekuja kwa amani aliweza kuonyeshwa mahali pa kulima, naye akatambua kwamba amepewa. Mpaka wa namna hiyo hauwezi kuchorwa kwenye karatasi kwa urahisi, kwa sababu ulikaa katika kumbukumbu na katika maneno ya watu waliofahamiana.

Waungwana na wali wa maporomoko

Mwezi wa Januari 1877 Henry Morton Stanley aliyapita maporomoko hayo, watu wake wakiburuta mitumbwi nchi kavu na kupigana njiani. Sehemu ya kwanza ya safari hiyo, kutoka Nyangwe, alisindikizwa na Hamed bin Muhammad wa Zanzibar, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Mmoja alikuja kutafuta njia ya mto, mwingine alitafuta pembe za ndovu na watumwa. Nyuma yao walikuja watu wengi zaidi: wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, wengi wao wazaliwa wa Manyema na wa misitu hii hii, waliochukua mavazi, dini na lugha ya wakubwa wao. Ndio walioitwa Waungwana.

Hatuwezi kuizungumza zama hiyo kwa maneno laini. Vijiji vilitekwa, watoto walichukuliwa, na watu walinunua uhai wao kwa pembe. Hata hivyo Waungwana hawakuwa wapita njia tu. Walikaa, wakalima mpunga ambao hadi leo uko katika sahani zetu, wakaoa, wakazaa. Kirundu, juu ya Ubundu, kiliota mizizi kama makazi ya Waungwana chini ya Kibonge. Kiswahili tunachokiandika hapa kilipanda mto huu pamoja nao.

Mwaka 1887, Zanzibar, Tippu Tip alitia sahihi mkataba uliomfanya kuwa wali wa maporomoko kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tuyaangalie vizuri mapatano hayo, maana ndiyo ya kwanza katika utawala wa maandishi wa sehemu zetu. Waliokubaliana walikuwa wawili, mmoja wa Ubelgiji na mmoja wa Zanzibar. Mlengola, Mwenya na Mkumu hawakuwapo mezani.

Mapatano hayo hayakudumu. Vita kati ya Dola na mabwana wa pwani vilianza mwaka 1892, na kufikia mwaka 1894 vilikuwa vimevunja nguvu za Waungwana. Pierre Ponthier, afisa Mbelgiji aliyewafukuza Waungwana kutoka maporomokoni kuelekea juu ya mto, alikufa katika vita hivyo mwaka 1893. Kituo kilichosimama juu ya maporomoko kikaitwa kwa jina lake: Ponthierville. Mahali palipokuwa na watu na majina yao pakabatizwa jina la askari aliyekuja na vita.

Reli na ardhi iliyoitwa tupu

Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, chini ya kundi la tajiri Mbelgiji Édouard Empain. Mwaka 1906 gari la moshi lilikuwa tayari kwenda kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, kilomita 125. Kutoka hapo abiria alipanda meli hadi Kindu, na kuanzia mwaka 1910 aliweza kupanda gari la moshi tena kutoka Kindu hadi Kongolo.

Reli ilileta wakazi wapya. Wengi waliletwa kubeba mataruma na kukata msitu, wengine walikuja kwa hiari kutafuta mshahara. Walizaa watoto ambao hawakujua kijiji kingine zaidi ya kambi ya reli. Lingala ya askari na ya mabaharia ikakutana na Kiswahili cha Waungwana. Hata imani yetu ilifika kwa njia ya wageni: Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alifika maporomokoni mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Sisi walei wa leo ni matunda ya mti uliopandwa na mkuja.

Lakini reli ililipiwa kwa ardhi. Katika mapatano yake na Dola, kampuni ya CFL iliahidiwa hekta milioni 4 katika mashariki ya nchi. Dola ilitoaje kitu ambacho haikukilima? Jibu liko katika amri ya tarehe 1 Julai 1885, iliyosema kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Kwa macho ya mtu wa ofisini, mahame ni tupu, shamba lililopumzishwa ni tupu, na msitu wa kuwinda ni tupu. Kwa macho ya mzee wa ukoo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho tupu. Katika tofauti hiyo ya macho ndimo ilimopandwa mbegu ya matata ya ardhi ambayo bado tunayavuna.

Kalamu ya Bula Matari

Baada ya bunduki ilikuja kalamu. Amri ya mwaka 1891 iliruhusu Dola kuwatambua machifu, nao wakavishwa medali. Amri ya mwaka 1906 ilizidisha mpango huo. Ile ya mwaka 1910, iliyotolewa na Ubelgiji baada ya kuichukua Kongo kutoka kwa Leopold, ilitaka kila mwenyeji awe chini ya usultani fulani, na kwamba asihame bila idhini. Mtu aliyezoea kwenda kwa mjomba wake ng'ambo ya mto, akakaa huko miaka mitatu na kurudi, sasa alikuwa na mahali pake katika daftari.

Tatizo lilikuwa kwamba Bula Matari alitafuta wasultani hata pale ambapo hawakuwapo. Penye wazee wengi walioamua kwa kushauriana, yeye alihitaji mtu mmoja wa kuitwa, wa kutoza kodi, wa kuleta wapagazi na watengeneza barabara. Mara nyingine alimpata mwenye heshima ya kweli. Mara nyingine alimpata tu yule aliyekuwa tayari kutumika. Vijiji vilivyotawanyika msituni vilisukumwa kando ya barabara, ili watu wahesabiwe kwa urahisi na barabara itunzwe kwa mikono yao. Kwa hiyo ukipita leo na kuona vijiji vimepangika mmoja baada ya mwingine njiani, usidhani kwamba ndivyo vilivyokuwa tangu awali. Vingi viliwekwa hapo, na wengine waliwekwa juu ya mahame ya jirani yao.

Mwaka 1933 ilikuja amri iliyoanzisha sekta, yaani kuunganisha makundi madogo yasiyoweza kujitosheleza kila moja peke yake. Miaka miwili nyuma, mwaka 1931, sheria nyingine ilikuwa imeanzisha vituo vilivyo nje ya mila, kwa ajili ya watu wa kambi na wa miji ambao hawakuwa chini ya sultani yeyote. Hivyo watu wakagawanywa mafungu mawili: mwenye mila na asiye nayo, wa usultani na wa kituo.

Tusome majina yaliyoko hadi leo katika teritwari ya Ubundu: Walengola-Babira, Walengola-Lilo, Mituku-Bamoya, Bakumu-Mandombe. Kwa sheria, sekta ni muungano wa jamii mbalimbali. Kwa jina, sekta nyingi zetu zimeandikwa kabila moja mlangoni. Mtoto wa kabila jingine aliyezaliwa humo, akalima humo na kuzika wazazi wake humo, kila siku anasoma kwenye kibao kwamba nyumba hii ina jina la mwingine. Jina la ofisi linaonekana jambo dogo siku za amani. Siku ya ugomvi linageuka kuwa ushahidi.

Baada ya uhuru

Baada ya uhuru Ponthierville iliitwa Ubundu, na hilo lilikuwa jema. Ila mpango wa utawala haukubadilika sana. Sheria za mwaka 1973 na 1982 ziliziita sekta na usultani "kolektivite", lakini chini ya chama kimoja mamlaka yalitoka juu kwenda chini, na salongo ikachukua nafasi ya kazi za lazima za zamani. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya Serikali. Kuhusu ardhi ambazo jamii za vijijini zinaishi na kulima, ilisema haki zao zitapangwa na amri ya Rais. Zaidi ya miaka 40 ikapita bila amri hiyo kutolewa. Basi mkulima wa Ubundu akabaki na ardhi ambayo kila mtu anajua ni yake, na ambayo hakuna karatasi inayosema hivyo.

Mwaka 1997 vita vilipita juu ya njia ileile ya mizigo. Wakimbizi wa Rwanda waliotoka Tingi-Tingi walivuka mto hapa Ubundu, wakafuata reli kuelekea Kisangani, wakakwama kwa makumi ya maelfu huko Biaro na Kasese. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 imeandika mauaji hayo, na imeandika pia kwamba baadhi ya wakazi walichochewa wakashiriki. Tunalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu linatufundisha. Neno "mkuja" likishapewa nguvu ya kuua, halichagui ni nani wa kumfuata kesho. Mwaka 1997 lilimpata mtu wa mbali. Mwaka 2023 limempata jirani wa ng'ambo ya kijito.

Baraza ambalo halijaketi

Tuangalie mbali kidogo ili tuone vizuri karibu. Katika nyanda za kati za Marekani, kama Ohio na Michigan, sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kila upande, na kila mraba ugawanywe vipande 36. Kipande cha 16 kiliwekwa kwa ajili ya shule. Huko nako mistari ilichorwa na watu wa mbali, na wenyeji wa asili walinyang'anywa nchi yao; dhuluma hiyo isifichwe. Lakini walowezi waliowekwa ndani ya mraba walipewa kitu ambacho mkazi wa Ubundu hakupewa. Katika majimbo kama Michigan ulikuwapo mkutano wa kila mwaka, ambamo wakazi waliwachagua wasimamizi wao, wakasikia hesabu za fedha, wakaamua barabara ipi itengenezwe. Mkutano huo haukuulizwa nani alifika kwanza. Uliulizwa nani anaishi humu, na nani atalipa.

Sisi tulipata mistari bila kupata mkutano. Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 zimejaribu kulitengeneza hilo. Zinasema kwamba mji, komini, sekta na usultani ni vyombo vyenye kujitawala, ilhali teritwari ni ngazi ya Serikali kuu, na msimamizi wake huteuliwa kutoka juu. Sheria inataka kila sekta iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na usultani vilevile, ingawa sultani mwenyewe hupatikana kwa mila. Inasema pia kwamba vyombo hivyo vina haki ya asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa inayotengewa mikoa.

Maandiko hayo ni mazuri, lakini baraza bado halijaketi. Mwaka 2015 mkoa mkubwa wa Mashariki uligawanywa, Ubundu ikawa moja ya teritwari saba za mkoa wa Tshopo, na gavana akawa karibu zaidi. Desemba 2023 washauri wa baadhi ya komini walichaguliwa, lakini sekta na usultani hazikuwamo. Hivyo, katika mwaka uleule ambao watu wa Ubundu walikuwa wakiuana kwa ajili ya mipaka, chombo kile ambacho sheria ilikikusudia kiwe mahali pa kuzungumza kilikuwa bado karatasi. Ardhi ilipotolewa, mwananchi hakuwa na mshauri wake wa kumuuliza. Alibaki na jirani yake tu wa kumshuku.

Hatusemi kwamba uchaguzi ungezuia kila kifo. Baraza linaweza kununuliwa, na wengi wanaweza kuwaonea wachache. Tunasema kwamba mahali pasipo na kikao cha halali, hoja iliyobaki ni ya asili: wewe ni wa wapi? Na hoja hiyo, kwa historia tuliyoipitia, haina jibu safi Ubundu. Mwenya alifuata maji, mkulima alifuata mahame, Mwungwana alifuata pembe, fundi wa reli alifuata mshahara, kijiji kizima kilifuata amri ya Bula Matari, padre alifuata wito wake. Wapo waliotangulia, na haki yao iheshimiwe. Mzee anayejua mpaka wa kijito ni hazina, asipuuzwe na mtu mwenye ramani. Lakini kutangulia ni haki ya kusikilizwa kwanza. Hakumpi mtu haki ya kusikilizwa peke yake.

Basi kazi yetu sisi walei ni ipi? Kwanza, kuandika. Wazee wanaojua ni kijiji kipi kilihamishwa, lini na kwa amri ya nani, wanaondoka mmoja mmoja. Maneno yao yawekwe katika daftari, ya kila upande, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Pili, kudai mabaraza ya sekta kwa uvumilivu uleule ambao tumedai uchaguzi wa juu, maana barabara ya shamba haipiti Kinshasa. Tatu, kulinda ndimi zetu. Anayerudi kutoka ukimbizini na kukuta nyumba yake imeungua anasubiri neno la kwanza la jirani yake. Neno hilo linaweza kuwa "karibu", nasi tunaweza kulisema leo, kabla ya sheria yoyote mpya.

Ya kuzungumza katika jumuiya

1. Kijiji au mtaa wetu ulikuwa wapi kabla ya kuwekwa ulipo sasa? Ni nani katika jumuiya anayeweza kutueleza?

2. Ni nani anayesimamia sekta yetu, alipatikanaje, na mara ya mwisho wananchi walisomewa hesabu ya fedha lini?

3. Ni jirani gani tunayemwita "mkuja", na tangu lini?